Hopa si ghala

Juzi nimemkuta kijana wa zamu nje, kakunja shingo anatazama bomba. Namuuliza ESP, ule mtambo wetu wa kunasa majivu ya moshi kwa umeme, inaendaje. "Iko poa kaka, moshi haupo." Kilovolti ngapi? Hajui. Haya, wadogo zangu, tukae chini.

1. Bomba ni la mwisho kusema. Soma kilovolti na miliampia kwa pamoja. Kilovolti zikishuka huku miliampia zinapanda, usinililie kwamba mita ni mbovu.

2. Hopa, ile faneli ya chini inayopokea majivu. Hapa nina deni langu. Ilikuwa zamu ya usiku, msimu wa miwa umekolea, kiwanda kimoja huku tambarare chini ya Moshi. Vali ya kutolea majivu ya fildi ya kwanza (fildi ni sehemu moja ya ESP yenye umeme wake) ikakwama. Fundi alikuwa amebanwa kwenye kinu, nikajiambia hopa ni kubwa, itafika asubuhi. Taa ya kiwango cha juu ikawaka. Nikanyamazisha king'ora, maana ile sensa ilishazoea kudanganya. Fildi ikatripu, yaani ikajizima, nikarizeti, yaani nikaiwasha upya. Ikatripu, nikarizeti. Nilijiona mchapakazi kweli! Kumbe majivu yalishapanda hadi kwenye waya za volti kubwa, na majivu ya bagasi, yale makapi ya miwa tunayochoma kwenye boila, yana kaboni ambayo haijaungua: yanapitisha umeme, na yanashika moto. Kila nilipobonyeza nilikuwa nayachokonoa kwa cheche.

Alfajiri nikashika spana nifungue mlango wa hopa. Foromani alinivuta kwa kola. Mle ndani kulikuwa kunafukuta, na hewa ndiyo kitu pekee kilichokosekana. Tulisubiri hadi pakapoa. Waya zilikuwa zimepinda, fildi ikalala siku kadhaa, zilizobaki zikazidiwa. Kina mama wa kota walikuja getini na mashuka yao, meupe yenye madoa meusi, wakitaka kumwona "huyo mtaalamu". Nilijificha stoo.

Kwa hiyo vali ikikwama, unapiga simu saa hiyo hiyo, hata kama fundi atakutukana.

3. Boila ikiwa baridi usiwashe volti kubwa. Unyevu ukiganda kwenye mabamba yanayonasa majivu, majivu yanakuwa tope, yakikauka utayatoa kwa patasi. Hita za insuleta, vile vishikio visivyopitisha umeme, ziwake mapema.

4. Ukizima, funguo mfukoni mwako, kisha tundika fimbo ya ethi, ya kupeleka umeme uliobaki ardhini, kabla ya kugusa chochote. Chaji inabaki. Hili sitaki mjadala.

5. Nyundo za kukung'utia majivu. Fildi ya kwanza inabeba vumbi jingi, ipigwe mara nyingi kuliko ya mwisho. Mwingine anazipiga zote mfululizo kama ngoma ya harusi, vumbi linarudi hewani, halafu anashangaa. Ila msizisahau pia: waya ikinenepa kwa majivu, korona, ule umeme unaovuja kwenye waya na kuchaji vumbi, inafifia. Mkemia Mmarekani Cottrell alianza kukamata ukungu wa asidi ya salfa kwa umeme kule California mwaka 1907, na hadi leo waya mchafu ni waya mchafu.

6. Na wewe uliyejaza kilovolti zilezile kwenye fomu kuanzia saa nne usiku hadi kumi na mbili asubuhi, wakati boila ilipunguza mzigo mara mbili: nimekuona. Njoo ofisini na kalamu yako.