Muulize Shangazi: Nasoma mtandaoni, najiona kama sipo chuoni

Shikamoo Shangazi. Nasoma shahada ya uhasibu kwa njia ya mtandao, niko mwaka wa pili. Mchana nauza kwenye duka la vitenge Kariakoo, usiku narudi Mbagala Rangi Tatu. Kipindi cha moja kwa moja kinaanza saa moja usiku, na saa hiyo mimi bado nimesimama kwenye daladala. Nikifika nyumbani nafungua rekodi: saa mbili nzima, mwalimu anasoma slaidi, bando linakata kabla hajafika nusu. Grupu letu la WhatsApp lina watu zaidi ya mia mbili. Nikilifungua nakuta salamu za Ijumaa na matangazo ya mikopo. Asaimenti ya mwisho imerudi na 12 kati ya 20, bila neno lolote. Mume wangu anasema nashinda kwenye simu. Nafikiria kuacha, maana naona kusoma hivi kunataka mtu mwenye nidhamu kuliko mimi. Nifanyeje?
Muuza vitenge, Mbagala

Marahaba, mwanangu. Hilo la nidhamu liweke pembeni. Mtu anayefunga duka Kariakoo, akasimama Barabara ya Kilwa yote, kisha usiku akafungua somo la uhasibu, nidhamu anayo. Nimefundisha wanafunzi wa masafa, yaani wanaosoma wakiwa mbali na chuo, hadi nikastaafu, na walioacha hawakuwa wavivu kuliko waliobaki. Wengi walikuwa watu ambao hakuna aliyejua kwamba wameacha.

Umelalamikia bando, lakini jicho langu limeganda kwenye zile 12 zisizo na neno. Msomi wa elimu ya masafa, Michael G. Moore, alieleza kwamba umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi haupimwi kwa kilomita. Hutegemea wanazungumza kiasi gani, na somo limepangwaje. Kutoka kwako hadi ofisi ya mhadhiri huenda ni daladala mbili tu. Kwa kipimo cha Moore, hamjawahi kuonana.

Basi mwandikie, tena asubuhi ya siku ya kazi. Usiandike “naomba msaada sielewi”. Ujumbe huo anaupata kila siku na hauna pa kushika. Nakupa mfano, namba ni za kwangu: “Habari za asubuhi, Dokta. Mimi ni fulani, namba ya usajili hii. Swali la uchakavu wa gari la shilingi milioni 20 kwa asilimia 25: mwaka wa kwanza nilipata milioni 5, mwaka wa pili nikaweka tena milioni 5, nikakosa alama. Je, nilitakiwa kukokotoa kwenye salio la milioni 15?” Piga picha ukurasa huo mmoja, ambatanisha. Swali hilo linajibika kwa mstari mmoja: ndiyo, ni 3,750,000, kwa sababu tulisema njia ya salio linalopungua, yaani asilimia inapigwa kwenye thamani iliyobaki. Hata mwenye wanafunzi mia tatu analimaliza akiwa anakunywa chai, na safari nyingine akiliona jina lako analikumbuka. Wiki ikipita kimya, mwone kiongozi wa darasa, kisha idara. Kwa mpangilio huo, tafadhali. Nimewaona wanaoanzia kwa mkuu wa chuo. Barua yao hurudi kwa mhadhiri yuleyule, naye kakasirika.

Grupu la mia mbili lizime sauti, libaki la matangazo. Tafuta watu watatu wa kozi yako, ikiwezekana wa njia yako, Mtoni au Kurasini huko, muwe na grupu lenu ambamo salamu za Ijumaa ni marufuku. Mkutane ana kwa ana pia. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, iko Mtaa wa Bibi Titi Mohamed; kutoka dukani kwako unafika kwa miguu. Watu husahau kwamba elimu ya masafa hapa nchini haikukusudiwa iwe ya upweke. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilifungua vituo mikoani ili mwanafunzi awe na mlango wa kubisha. Chuo chako kikiwa na kituo hapa Dar, nenda ukabishe. Ada umelipa.

Sasa rekodi. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichapisha uchunguzi wa mamilioni ya mara ambazo watu walitazama video za masomo kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Waligundua kwamba video ikivuka kama dakika sita, watazamaji huanza kukimbia. Kwa hiyo kusinzia kwenye saa mbili za slaidi si ugonjwa wako. Mwombeni mhadhiri, kupitia kiongozi wa darasa, aweke slaidi zenyewe na rekodi ya sauti tupu. Sauti hula bando kidogo sana kuliko video. Wewe soma slaidi kwanza, kisha usikilize pale tu ulipokwama.

Na daladala nayo ni darasa, tena haili bando. Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi makala fupi. Baadhi waliisoma tena, wengine waliifunika wakaandika wanachokumbuka. Baada ya wiki, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42, waliojijaribu asilimia 56. Ukiwa umesimama pale foleni ya Mtoni, jiulize: mizania, ile hesabu ya mali na madeni, ina pande gani, na stoo ya vitenge ingeingia wapi? Jibu kichwani, ukifika nyumbani hakiki. Kusoma kwa kupaka rangi mistari ya kitini, njia hiyo mimi sikuiamini hata nilipokuwa nalipwa kuitetea.

Mume wako mbandikie ratiba ukutani, aone saa za masomo na siku za mitihani. Na simu ya kusomea isiwe ndiyo ya katuni za watoto.

Shangazi, mimi nafundisha mtandaoni kwa mkataba. Wanafunzi wote wanazima kamera, naongea na miraba myeusi. Niwalazimishe kuwasha?
Mhadhiri wa muda, Sinza

Usiwalazimishe, mwanangu. Kamera inakula bando lao, na wengine wanaishi chumba kimoja na familia. Si kila mtu anataka darasa lione kitanda chake. Kila baada ya dakika kumi uliza swali moja la kujibiwa kwa kuandika, kisha nyamaza. Nyamaza kweli, hata kama kimya kinakuuma, maana ukijijibu mwenyewe mara mbili watajua kwamba kazi hiyo ni yako. Jibu la kwanza likifika, lisome kwa sauti na umtaje mwandishi kwa jina. Kipindi kikiisha baki kidogo. Wenye aibu huuliza wenzao wakishatoka. Rekodi nazo zikate vipande, kila kipande kibebe jina la mada yake, si “wiki ya nne mpya ya mwisho kabisa”.