Kwa Nini Vijiji vya Ngano vya Kanada Vinapungua?

SWALI: Nimeona picha za vijiji vidogo vya jimbo la Saskatchewan, nchini Kanada. Karibu kila kimoja kina jengo refu la mbao kando ya reli, nyumba chache, na mashamba yanayoenea hadi upeo wa macho. Je, ni nani aliyevipanga kwa umbali unaokaribiana namna hiyo, na kwa nini vingi vinahamwa?

JIBU: Vijiji hivyo vilipangwa kwa mwendo wa farasi. Jengo uliloliona ni ghala la nafaka, na maghala hayo yalijengwa kando ya reli kila baada ya takriban kilomita 13 hadi 16, ili mkulima mwenye gari la farasi lililosheheni ngano aweze kufika, kushusha mzigo na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Palipokuwa na ghala palifuata duka, posta, shule na kanisa.

Ardhi yenyewe haikuwa tupu, na masimulizi yanayoanza na walowezi peke yao huwa pungufu. Watu wa Cree, Saulteaux na Assiniboine waliishi huko kabla ya mikataba ya ardhi kati yao na serikali, yaani Mkataba wa Nne wa 1874 na wa Sita wa 1876, kisha serikali ikawabana katika maeneo yaliyotengwa. Sheria ya ardhi ya 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitatu. Kwa kuwa kila familia ilikaa katikati ya shamba lake, jirani alikuwa mbali, na katika majira ya baridi ambapo kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, kijiji kilikuwa ndipo mahali pa kuonana na watu. Ndiyo maana hata leo utakuta wanakijiji wakijitolea kutunza ukumbi na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na baada ya mavuno wakiandaa karamu ambayo kila familia huchangia chakula, na mapato yake hulipia gharama za ukumbi huohuo.

Ghala nalo lilikuwa na mchango mkubwa katika kuwajenga watu hao. Gari liliingia na kupimwa likiwa na mzigo, ngano ikamwagwa shimoni, vikombe vilivyofungwa kwenye mkanda vikaipandisha hadi kwenye vihenge vya juu, kisha gari tupu likapimwa tena. Meneja alichota punje kiganjani, akaangalia unyevu na takataka, akataja daraja la ubora wa ngano. Na kwa neno hilo bei ya jasho la mwaka mzima ilikuwa imeamuliwa. Wakulima hawakukaa kimya. Mwaka 1901 waliunda chama chao katika mji wa Indian Head, mwaka uliofuata wakamshtaki wakala wa reli wa mji wa Sintaluta kwa kugawa mabehewa ya kubebea nafaka bila haki na wakashinda, na mwaka 1924 wakaanzisha ushirika mkubwa wa ngano uliokuja kumiliki maghala yake wenyewe. Kwa maoni yangu, tabia ya vijiji hivi ya kusimamia mambo yao kwa pamoja ilikomaa katika mapambano hayo.

Lori liliuondoa umuhimu wa ule umbali wa farasi. Katika miaka ya 1930 majimbo matatu ya nyanda hizo, yaani Saskatchewan, Manitoba na Alberta, yalikuwa na maghala zaidi ya 5,000. Sasa yamebaki mamia machache, mengi yakiwa makubwa mno na ya zege. Pigo lililoharakisha mambo lilikuja mwaka 1995, serikali ilipoondoa nafuu ya nauli ya kusafirisha nafaka ambayo chimbuko lake lilikuwa makubaliano ya 1897, na njia nyingi ndogo za reli zikang'olewa. Kijiji kilichopoteza ghala kilipoteza kodi yake, kisha duka, kisha shule, na watoto wakaanza kusafiri kwa basi. Baadhi ya vijiji vimevunja halmashauri zao na kuwekwa chini ya wilaya ya mashambani.

Hata hivyo, usidhani kwamba kilimo kimekufa. Mashamba yameunganishwa na kulimwa na watu wachache wenye mashine kubwa, na Saskatchewan ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa dengu duniani. Kilichopungua ni idadi ya kaya zinazohitajika kuyalima. Ukitaka kuona maghala ya zamani yakiwa bado yamesimama kwa safu, yapo Inglis, katika jimbo jirani la Manitoba, ambako yamehifadhiwa kama eneo la kihistoria la taifa.