Damu Chooni, na Bawasiri Ambayo Haikuwepo

Kaka yangu alijitibu bawasiri mwaka mzima, na bawasiri yenyewe hakuwa nayo.

Kila akiona damu chooni alisema ni kikundu tu. Dereva wa lori, miaka nenda rudi kwenye kiti, atatokwa damu huko kwa ugonjwa gani mwingine? Duka la dawa wakamuuzia za kuchomeka. Jirani akaleta mizizi. Zahanati nako wakaandika bawasiri bila hata kumpima kwa kidole, kipimo cha dakika moja. Yeye aliona haya, na nadhani aliyemhudumia aliona haya zaidi. Wifi yangu ndiye aliyeshtuka: suruali zinampwaya, akipanda ngazi anahema. Wakapima wingi wa damu, iko chini mno. Hapo daktari mmoja akauliza swali lililopaswa kuulizwa siku ya kwanza: mwanamume wa miaka 51, hajaumia popote, damu yake inakwenda wapi?

Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, imeshafika kwenye matezi. Alipasuliwa, akaingia kwenye dripu za dawa ya saratani, za miezi. Yupo, tunamshukuru Mungu.

Siku moja kliniki daktari akatugeukia sisi ndugu zake. "Na nyinyi je, mmepima?" Tukatazamana. Kumbe ukiwa na mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja aliyeugua, unashauriwa uanze kupima ukiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika nao mgonjwa wenu, kinachotangulia. Kwa asiye na historia hiyo, Marekani walishusha umri kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021. Uingereza watu hutumiwa kifaa cha kupima choo kwa posta. Huku kwetu hakuna atakayekutumia. Unakwenda kuomba mwenyewe.

Mimi nilikuwa na 43, sina dalili hata moja, na nilikuwa naogopa. Aliyenishawishi ni daktari aliponieleza kwamba saratani hii mara nyingi huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa utumbo, na huchukua hata miaka 10 kugeuka saratani. Kikionekana kwa kamera, ule mrija mwembamba unaopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo, kwa kawaida hukatwa papo hapo.

Kamera yenyewe si kazi. Kazi ni usiku wa kuamkia. Kutwa nzima nilikunywa chai kavu, maji na supu iliyochujwa (juisi ya rozela hapana, wekundu wake unaweza kudhaniwa damu), kisha dawa ya kusafisha tumbo, ya chumvichumvi. Ipoze kwenye friji, inywe kwa mrija. Nunua karatasi laini na mafuta ya mgando, utanikumbuka. Asubuhi nilichomwa sindano ya usingizi, nikazinduka nikiuliza wanaanza saa ngapi. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani, na uliza bima yako mapema inalipia nini.

Walikuta vinyama viwili. Wakavikata.

Kipo pia kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, nafuu zaidi, ila kikisoma ipo lazima uende kwenye kamera. Na kama damu unaiona mwenyewe, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, unakonda, au unatoka chooni ukihisi hujamaliza, usiridhike na kipimo hicho. Mwambie daktari: naomba unipime, usiniandikie tu.

Mdogo wetu wa mwisho ametimiza 40 na hajaenda. Jumapili iliyopita nilimpigia.

"Dada, mimi mbona choo napata vizuri tu?"

"Hata mimi nilikuwa napata vizuri."

"Hivyo vinyama vilikuwa vinakuuma?"

"Hata kidogo."

Akanyamaza, kisha akaniuliza habari za watoto. Jumapili hii nampigia tena.