Kazi za baada ya tetemeko: namjibu mpwa wangu wa Kasese

Mpwa wangu, fundi mwashi wa Kasese, Uganda, ameniuliza jambo ambalo wengine wamekuwa wakiniuliza chinichini: "Mjomba, mji wenu si ulibomolewa na tetemeko? Basi ujenzi huko hauishi, na nyumba walizokimbia watu zipo tu. Niuze kiwanja cha Hima nije kyeyo (kibarua cha ughaibuni)?" Namjibu hapa wazi, na wenzake wasikie.

Mji wenyewe ni Christchurch, New Zealand. Tetemeko la kwanza lilipiga alfajiri ya tarehe 4 Septemba 2010, kipimo 7.1, watu wako vitandani na barabara tupu. Mji ukaponea chupuchupu. La pili, tarehe 22 Februari 2011, kipimo kilikuwa kidogo zaidi, 6.3, ila chimbuko lake lilikuwa karibu na mji na halikuwa chini sana. Tena lilikuja saa saba ya mchana ikikaribia, watu wako maofisini na madukani. Walikufa 185.

Sasa hizo nyumba unazosema zipo tu. Hazipo. Upande wa mashariki, kando ya mto Avon, mitaa kama Bexley, Avonside na Dallington, ardhi ililainika, mchanga na maji vikafoka kutoka chini, nyumba zikazama upande mmoja. Serikali ikaona pale hapajengeki tena, ikapatia rangi nyekundu kwenye ramani, ikanunua nyumba zipatazo 8,000, za hapo na za maeneo mengine yaliyotiwa rangi hiyo, kwa thamani ya mwaka 2007, kisha zikabomolewa. Ukipita leo unakuta lami, nyasi zilizofyekwa vizuri, na miti ya matunda. Unaona mtufaha hapa, mplamu pale, umbali uleule kati yao, ndipo unang'amua kwamba kila mti ulikuwa nyuma ya jiko la mtu. Msimu ukifika watu wanakuja na ndoo kuchuma. Karibu hakuna anayelala pale.

Na fidia alilipwa mwenye nyumba. Mpangaji alipewa notisi. Hilo liweke akilini, maana ukija wewe utakuwa mpangaji.

Wenye nyumba walienda wapi? Wengine waliondoka moja kwa moja, Auckland au Australia. Katika miaka miwili ya mwanzo mji ulipungukiwa na watu kama 20,000. Wengine walivuka tu mpaka wa wilaya. Wilaya ya jirani, Selwyn, ilikuwa na watu 33,000 na ushee mwaka 2006. Sensa ya 2023 imekuta zaidi ya 78,000. Malisho ya kondoo yamegeuka mitaa, na mji wa Rolleston niliokuta ni mdogo sasa una foleni ya asubuhi. Christchurch yenyewe ilihesabiwa watu 341,000 hivi mwaka 2013, pungufu ya 2006, na imefika 391,000 mwaka 2023. Kwa hiyo mji haukufa. Ulihama kutoka mashariki kwenda magharibi. Hata ofisi zilifanya hivyo: katikati ya mji palizungushiwa uzio na kulindwa na askari hadi Juni 2013, na kampuni hazikukaa kungoja. Zilihamia Addington na kule karibu na uwanja wa ndege, na nyingine hazikurudi.

Mimi nilifika ujenzi umepamba moto, na hapo ndipo kuna jambo ambalo mawakala hawalisemi. Kazi ziliongezeka wakati uleule nyumba zilipopungua. Maelfu ya nyumba zilikuwa zimebomolewa, na zilizobaki zilikuwa zikikarabatiwa. Mwenye nyumba mwenye bima, nyumba yake ikiwa na mafundi, bima ilimlipia kodi kwingine, na mtu anayelipiwa na bima habishani bei. Sisi tuliokuja na mabegi tulishindania makombo. Nililala gereji ya nyumba ya watu, magodoro juu ya zege, mwezi Julai, ambao huku ni kipupwe na nje barafu imeganda kwenye majani. Asubuhi mlango wa bati unachuruzika maji ya pumzi zetu. Kodi ya hilo gereji ilikatwa kwenye mshahara, na anayekata ndiye huyohuyo ambaye visa yetu ilifungwa kwake. Ukigombana naye umepoteza kazi, kitanda na kibali siku moja. Wafilipino niliofanya nao kazi walikuwa na deni la wakala juu ya hayo yote.

Halafu ufundi wako, mpwa. Najua ukuta wako unanyooka kama rula, lakini huku tofali linaogopwa. Kuta za zamani za matofali zisizo na nondo ziliangukia watu barabarani, na basi la abiria likafunikwa na kifusi Colombo Street. Nyumba za watu ni fremu za mbao juu ya zege lenye nondo, ndani bodi za jipsamu. Kazi niliyopata mimi ni kubandika hizo bodi, kuziba viungo, kupiga msasa na kupaka rangi. Nyingine ilikuwa kazi ya kurudia kazi, kwa sababu nyumba nyingi zilikarabatiwa harakaharaka na ikabidi zifumuliwe upya. Nimewahi kufumua chumba nilichokipaka rangi mwenyewe, chini ya bosi mwingine. Mshahara ulikuwa uleule, sikulalamika.

Umetaja pia kuja na mkeo. Tetemeko liliwapa kazi wanaume na kuwanyang'anya wanawake: hoteli, maduka na mikahawa ya katikati ya mji ndiyo iliyofungwa, na humo wanawake ndio walikuwa wengi. Baadhi yao waliingia kwenye rangi na jipsamu, nao ni mafundi wazuri, lakini hawakuwa wengi kiasi cha kuziba pengo.

Ujenzi ulifika kilele katikati ya miaka ya 2010, ukashuka. Wewe umezaliwa Kasese, unaijua Kilembe: shaba iliita watu kutoka kila pembe, mgodi ukafungwa, na waliobaki ni wale waliopata kitu kingine cha kufanya. Huku ilikuwa hivyo. Mikataba iliisha, wengine wakafuata kazi Auckland, wengine wakarudi Manila. Mimi nilibaki kwa sababu nilisoma jioni nikapata cheti cha rangi, na kibali kikatoka kwenye mikono ya bosi. Na sasa nyumba za kupanga zinapatikana, wakati zile kazi ulizosikia zimeshakwisha. Vijana wa hapahapa wanavuka kwenda Australia.

Kwa hiyo kama bado unataka kuja, njoo kwa kazi iliyopo leo, usije kwa sababu ya tetemeko la 2011. Jifunze mbao na jipsamu huko Kampala kabla ya kuomba. Mwajiri akikuandikia, muulize mambo matatu kwa maandishi: nitalala wapi, kodi ni kiasi gani, na nikiacha kazi visa yangu inakuwaje. Akikwepa hata moja, achana naye. Na wakala asipewe hata shilingi kabla hujanitumia mkataba niusome.

Kiwanja cha Hima usikiuze. Kama unataka nauli, tutazungumza.