Re: PL/SQL, namba zinashuka moja moja, pembetatu haitoki

Mkuu umeuliza kwa nini code yako ya PL/SQL (lugha ya programu ya hifadhidata za Oracle) haichori pembetatu ya namba, yaani 1, chini yake 12, kisha 123. Shida iko pale kwenye lupu (sehemu ya code inayojirudia) ya ndani, umeweka PUT_LINE, ndo maana kila namba inajishukia mstari wake. Weka PUT, hiyo inabandika namba pembeni ya mwenzake, halafu lupu ya ndani ikishafungwa ndo unashusha na NEW_LINE:

BEGIN
FOR i IN 1..5 LOOP
FOR j IN 1..i LOOP
DBMS_OUTPUT.PUT(j);
END LOOP;
DBMS_OUTPUT.NEW_LINE;
END LOOP;
END;
/

Chukulia unapanga viazi pale Uyole, i ni mstari wa ngapi, j ni kiazi cha ngapi kwenye mstari huo, sasa wewe kila kiazi umekipa mstari wake 😂. Ukitaka 1, 22, 333 chapa i badala ya j, basi.

Ila ukitaka ianze 12345 ipungue mpaka 1 usije ukaandika 5..1, haileti kosa lolote, inakaa kimya tu, mi nilipoteza jioni nzima hapo huku Mbeya na baridi hii ya Juni vidole vimeganda. Kwenye lupu ya nje andika i IN REVERSE 1..5, namba ndogo inatangulia hata kama unahesabu kurudi nyuma. Kama huoni kitu kabisa, anza na SET SERVEROUTPUT ON, hiyo ndo inaruhusu matokeo yaonekane kwenye skrini.