Kabureta ya ndege inadondosha petroli

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi na mjomba tunaunda ndege ndogo ya viti viwili, bawa liko juu, injini ni Rotax 912 yenye kabureta mbili za Bing. Tukifungua koki, injini hata haijawashwa, kabureta ya kushoto inadondosha petroli kwenye sinia lake. Gasketi ya bakuli nimeshabadilisha, wapi! Jamaa yangu wa mtaa wa Gerezani, Dar, anasema nipake silikoni au nitafute sindano ya kabureta ya bodaboda. Nifanyeje?
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Marahaba. Jamaa yako mshukuru, ila silikoni abaki nayo. Ikikutana na petroli inalainika, inabanduka vipande, na vipande hivyo vinaishia kwenye jeti, vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Na sindano ya bodaboda ibaki kwenye bodaboda. Pikipiki ikizima Mbagala unaisukuma pembeni.

Pampu usiihangaikie. Injini imezimwa, na kabureta ya kulia inayolishwa na pampu hiyohiyo ni kavu. Petroli inateremka yenyewe kutoka tangi la bawani, na kushoto kuna kitu hakiizuii: ama sindano inayofunga njia ya petroli haikai vizuri, ama boya linaloinuka na kuisukuma sindano hiyo linazama.

Gonga bakuli taratibu kwa mpini wa bisibisi. Matone yakikoma, shuku uchafu chini ya sindano. Ndege za kujiundia zina uchafu wake: vumbi la faibaglasi tangini, na nyuzi za mpira zinazochunika unapolazimisha hosi kwenye ncha ya bomba. Safisha, halafu fuata hosi na chujio hadi tangini, la sivyo utarudia kazi wiki ijayo.

Yasipokoma, geukia maboya. Funga koki, toa waya wa betri, mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Legeza waya wa springi unaobana bakuli, ulishushe likiwa limejaa. Ndani kuna maboya mawili meusi, kila moja kwenye kijiti chake. Yafute, yapime pamoja palepale. Yakizidi gramu 7 yamekunywa petroli, hayafai. Nasisitiza palepale kwa sababu watu huyafunga kwenye mfuko wakayapime kwa sonara Kariakoo. Kwa foleni ya Barabara ya Mandela, petroli imeshakauka na boya bovu linasoma uzito wa boya zima. Nunua kimizani cha dijitali cha masonara, uende nacho kwenye ndege.

Bado una shaka? Hamisha maboya ya kushoto yaende kulia. Uvujaji ukihama nayo, umepata jibu. Usipohama, badilisha sindano kwa ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, na ukague kiti chake, yaani tundu inamokaa, kwa tochi.

Injini msiiwashe kabla hayo hayajaisha. Ekzosi inapita chini ya kabureta hizo, na sinia lile ni la kupokea tone la bahati mbaya, si la kukinga mvujo wa kila siku. Hakikisha pia bomba lake la kutolea halijaziba.

Ukisharudisha bakuli, fungua koki, tandika karatasi nyeupe chini, mkanywe chai. Ikibaki kavu, andikeni kazi hiyo kwenye daftari la injini, pamoja na uzito mliopima.