Nguruwe mzima anatuambia nini kuhusu mgonjwa?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana saratani ya mirija ya nyongo na tumeambiwa hawezi kupasuliwa. Amewekewa stenti (kijibomba cha kuuweka mrija wazi) mara mbili, zote zikaziba, macho yakarudi kuwa ya manjano. Sasa wanashauri aingizwe waya kwa endoskopi (bomba lenye kamera linalopitishwa mdomoni), uvimbe uchomwe kwa joto, ndipo awekewe stenti nyingine. Nilipouliza usalama wake nikajibiwa kwamba tiba hiyo ilijaribiwa kwa nguruwe nao hawakudhurika. Lakini nguruwe hao walikuwa wazima, hawana saratani yoyote. Sasa wamethibitisha nini? – *Kitinda mimba*

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza.

Mimi ni daktari wa mifugo, na kwa kawaida safu hii huniletea maswali ya ng'ombe na mbwa. Lako nimelichukua kwa sababu nimekuwa nikiwalaza nguruwe nusu kaputi huku wenzangu wa endoskopi wakijaribu vifaa vya namna hiyo hiyo. Aliyekujibu hakusema uongo, ila amekupa nusu ya jibu.

Nguruwe haulizwi kama saratani itapona. Anaulizwa joto linaishia wapi. Waya huo una pete za chuma karibu na ncha yake. Umeme wa mawimbi ya redio hupita kutoka pete moja hadi nyingine kupitia nyama iliyogusana nazo, na nyama hiyo ndiyo inayopata moto. Tishu ikifika nyuzi 60 za Selsiasi seli hufa karibu papo hapo; kwenye 50 huchukua dakika kadhaa. Ikipita 100, maji yaliyomo huchemka, nyama hukauka ikawa mkaa, umeme ukakosa njia. Kwa hiyo vifaa vya aina hii hutumia nguvu ndogo, mara nyingi wati 7 hadi 10 kwa sekunde 90 hadi 120, na vingine vina kipima joto kinachopunguza umeme chenyewe nyuzi zikikaribia 80.

Sasa fikiria jirani za mrija wa nyongo. Nyuma yake kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini, na kwa watu wengi tawi la kulia la ateri ya ini hupita mgongoni kwake kabisa. Joto likivuka ukuta, linakutana na ateri. Damu inayopita kasi hubeba joto na kuuokoa mshipa mara nyingi, lakini si kila mara. Hapo ndipo nguruwe anapohitajika: huwezi kumkata binadamu baada ya siku mbili uone joto lilifika milimita ngapi.

Kwa nguruwe tunaona. Mrija hupasuliwa kwa urefu, ukatandazwa ubaoni na kubanwa kwa pini. Palipoungua pana rangi ya kijivu iliyopauka, na pembeni mwake mna ukingo mwekundu wa damu iliyojaa. Mwanapatholojia, yaani mtaalamu wa kuchunguza tishu zilizoathirika, hukata vipande vya ukingo huo na kuvipima unene chini ya hadubini, ikiwezekana bila kuambiwa kipi kilichomwa kwa wati ngapi. Hilo la kutoambiwa mimi hulitilia mkazo. Mtu akijua jibu linalotarajiwa, macho yake huwa na huruma na kifaa.

Ukiniuliza mimi, swali lako lingekuwa: nguruwe hao waliachwa hai muda gani? Wakichunguzwa baada ya saa 24 au 48, utajua kama mrija umetoboka, kama kuna damu, kama nyongo inavuja. Kovu hutaliona. Kovu huja baada ya wiki kadhaa, na kwa mrija mwembamba kovu ni kuziba upya. Jaribio ninaloliamini lina makundi mawili, la siku chache na la wiki nne au zaidi, na vipimo vya damu vya ini katikati. "Hawakudhurika" ya siku mbili na ya mwezi mzima si kitu kimoja.

Kuhusu uzima wao, umeuliza penyewe. Ukuta wa mrija mzima ni mwembamba, kwa hiyo kwenye suala la kutoboka nguruwe ni mtahini mkali kuliko uvimbe mnene wa mgonjwa. Ndiyo maana wengine hufunga mrija kwanza ili nyongo irundikane na mrija utanuke, ufanane kidogo na ule wa binadamu ulioziba. Lakini upande mwingine nguruwe ni mpole mno. Kwa binadamu, mrija wa nyongo na wa kongosho kwa kawaida hukutana karibu na mlango wa utumbo. Kwa nguruwe kila mmoja una tundu lake, mbalimbali. Unaweza kuchoma mwisho wa mrija wake wa nyongo na kongosho lisijue. Kwa hiyo nguruwe akikuambia kongosho liko salama, usimsikilize.

Hayo ya kongosho tumeyajua kutokana na wagonjwa wenyewe. Ripoti za kwanza za tiba hii kwa binadamu zilitoka mwaka 2011, na tangu hapo madhara yaliyoandikwa ni pamoja na maambukizi ya mirija ya nyongo, kuvimba kwa kongosho, kutoka damu ndani ya mrija, na mara chache sehemu ya ini kufa kwa kukosa damu.

Muulize daktari wa mama: pete za waya zina urefu gani ukilinganisha na sehemu iliyoziba? Kifaa kinapima joto au kinahesabu sekunde tu? Picha ya CT imeonyesha ateri iko umbali gani? Na yeye binafsi ameshaifanya kwa wagonjwa wangapi?

SWALI: Daktari, hao nguruwe hawaumii? – *Mpenda wanyama*

JIBU: Wakati wa kuchomwa hawajui lolote, wako nusu kaputi, wana mpira kooni, na mimi nimekaa kichwani kwao. Kazi iko baadaye, maana nguruwe huficha maumivu. Ninamtazama pumba zinapowekwa: anayebaki amelala kona wenzake wakigombania, huyo anapata dawa bila mjadala, na akizidi kudhoofika anaondolewa mapema hata kama ratiba ya jaribio haijaisha. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch walipendekeza mambo matatu: kutafuta mbadala wa mnyama, kupunguza idadi, na kupunguza mateso. Katika fani hii mbadala upo kwa hatua ya kwanza, ini la nguruwe kutoka machinjioni, ambalo linatosha kulinganisha wati na sekunde. Lakini ini hilo halina damu inayotembea, wala haliwezi kuota kovu.